Keshi Tu, Sista

Nilikuwa nimeshanyoosha simu. Glasi ya chai ipo kaunta, khara bun (ule mkate mdogo wenye pilipili na kitunguu ambao bekari za Bengaluru, India, hujivunia) umefungwa kwenye kipande cha gazeti, na mimi natafuta QR niskani niondoke zangu. Pale ilipozoea kukaa, kati ya picha ya Ganesha na kalenda ya duka la dhahabu, imebandikwa karatasi nyingine juu yake. Selotepu pembe zote nne. Maandishi ya kalamu ya wino mzito, juu Kikannada, chini Kiingereza: hatupokei UPI (malipo ya simu ya hapa), pesa taslimu tu.

"Keshi tu, sista," akasema mwenye bekari, huku mikono yake ikiendelea kumimina chai.

Sikuwa na hata rupia kumi.

Hilo peke yake halishangazi. Waulize Watanzania wenzangu wanaosoma hapa na kupanga huku mtaa wa Kammanahalli, mara ya mwisho walishika noti lini. Akanipungia mkono niende, nitalipa nikipita tena. Lakini njiani kuelekea kituo cha basi nikaanza kuziona karatasi zile kila mahali. Muuza madafu anayo. Dada wa mboga anayo. Kibanda cha sigara na pipi, nacho. Kama vile mji mzima ulikaa kikao usiku na mimi sikualikwa.

Ilikuwa Julai 2025. Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki nyingi, na kila nikidhani nimelimaliza linageuka upande mwingine.

Kisanduku kinachosema

Aliyeishi India miaka hii anakijua kile kisanduku cha kaunta. Hela ikiingia, kinatangaza kwa sauti ya mwanamke asiyechoka: rupia kumi na tano zimepokelewa. Kwa Kikannada, Kihindi, Kitamil, utakavyo. Muuzaji hana haja ya kukagua simu yako wala kukuamini. Hana hata haja ya kugeuka. Asubuhi bekari inapojaa watu wanaokunywa wamesimama, sauti ile haikomi: kumi na tano, kumi na mbili, thelathini, kumi na tano.

Julai ile kisanduku cha bekari yangu kilizimwa, kikasukumwa nyuma ya mikebe ya biskuti. Zilibaki kelele za jiko la gesi na za sarafu.

Kwa msomaji wa nyumbani: usidhani ni M-Pesa. Hakuna wakala, hakuna salio la simu. UPI, iliyoanzishwa mwaka 2016 na shirika liitwalo NPCI, inachota hela kwenye akaunti ya benki moja na kuiweka kwenye nyingine papo hapo, na tangu Januari 2020 muuza chai anayelipwa moja kwa moja kutoka akaunti ya benki ya mteja hakatwi chochote. Agosti 2025 miamala ilivuka bilioni 20 kwa mwezi mmoja. Mtu aliyekulia kwenye kupiga hesabu ya makato kabla ya kutuma elfu tano, ataelewa kwa nini niliipenda.

Na ataelewa kwa nini karatasi ile iliniudhi kabla haijanifikirisha.

Barua

Kilichotokea ni hiki. Idara ya kodi za biashara ya jimbo la Karnataka ilikusanya takwimu za UPI kutoka kampuni za malipo, kuanzia mwaka wa fedha 2021-22 hadi 2024-25. Ikaangalia ni nani amepokea zaidi ya kiwango kinachomlazimu mtu kujisajili kwenye GST, ambayo kwa kifupi ni VAT yao tangu 2017. Wale wasiosajiliwa wakaandikiwa barua. Maelfu yao.

Kiwango chenyewe ni rupia laki 40 kwa mwaka kwa anayeuza bidhaa, na laki 20 kwa anayetoa huduma. Laki 40 inasikika kama utajiri. Igawe kwa siku za mwaka, unapata kama rupia 11,000 kwa siku. (Rupia moja ni kama shilingi 30 za Tanzania, malizia mwenyewe.) Kibanda kinachouza sigara na maziwa ya pakiti ya Nandini kinaweza kufika huko bila mwenyewe kubadilisha hata godoro nyumbani, kwa sababu faida ya pakiti moja ya maziwa ni chenji ya kuokota. Sheria inaangalia mauzo. Yeye anaishi kwa faida.

Halafu likaja lile la Haveri, mji mdogo ulio saa kadhaa kutoka hapa. Muuza mboga alipewa barua inayomdai rupia laki 29, kwa sababu akaunti yake ilipokea rupia milioni 16 na ushee ndani ya miaka minne. Mboga mbichi hazina GST. Hazina kabisa. Habari ikazagaa magazetini, watu wakacheka na kukasirika kwa pamoja.

Mimi nilibaki nikiwaza kuhusu yule aliyeandika barua, au kompyuta iliyoiandika. Haikujua kama huyu mtu anauza nyanya au televisheni. Ilijua tu kwamba hela imeingia.

Maofisa walijitetea kwamba barua si hukumu, mtu aje ajieleze, anayeuza vitu visivyo na kodi ataachwa. Kisheria ni kweli. Ila sijui kama aliyesema hivyo amewahi kuwa muuza nyanya akafungua bahasha ya serikali yenye tarakimu saba.

Nani aliwaambia waskani?

Hapa ndipo hasira yangu ilipohama. Mwanzoni nilikasirikia karatasi. Sasa nikawa nakumbuka jinsi watu hawa walivyofikishwa kwenye QR.

Tarehe 8 Novemba 2016, saa mbili usiku, Waziri Mkuu Narendra Modi alitokea kwenye televisheni akatangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zinakufa usiku wa manane. Kwa thamani, zilikuwa asilimia 86 ya noti zote zilizokuwa mikononi mwa watu. Nilikuwa bado Tanga wakati huo, lakini simulizi ya foleni za benki kila mtu hapa anayo ya kwake. Mwenye bekari anasimulia wateja waliokuja na noti mfu, wakinywa chai kwa mkopo, na mashine za ATM zimekauka. Akaja kijana mwenye fulana ya kampuni ya malipo, akambandikia karatasi ya miraba ukutani. Bure. Akaona mkombozi.

Lengo lililotangazwa usiku ule lilikuwa kuwanasa wenye fedha chafu. Benki Kuu ilipomaliza kuhesabu, asilimia 99.3 ya noti zile zilikuwa zimerudi benki. Kumbe fedha chafu nayo inajua kupanga foleni.

Kisha ikaja korona. Juni 2020 serikali kuu ikaanzisha mpango wa PM SVANidhi kwa ajili ya wamachinga: mkopo wa kuanzia rupia 10,000, nafuu ya riba kwa anayelipa kwa wakati, na kwa anayepokea malipo kwa simu, zawadi ya hadi rupia 100 kila mwezi. Shemeji wa mwenye bekari, anayeuza panipuri (vitafunio vya mtaani) jioni kwenye mkokoteni, aliuchukua. Alikuwa akiwabembeleza wateja waskani ili afikishe idadi ya miamala ya mwezi.

Yaani walilipwa ili waonekane.

Najua waliotoa zawadi na walioandika barua ni ofisi tofauti. Huku ni Delhi, kule ni jimbo, vyama tofauti, watu wasiopikika chungu kimoja. Lakini ukiwa nyuma ya kaunta, serikali ni moja tu, na haikumbuki ilichokuambia jana.

Akaunti yenye watu wengi

Nilipomlipa deni la chai nilimuuliza kama na yeye amepata barua.

"Bado," akasema. Hakusema hapana.

Duka lilikuwa limepoa, saa ile ya mchana ambapo hata pangaboi linazunguka kwa uvivu. Akafuta mikono, akatoa simu, akanifungulia orodha ya miamala. Kidole kikawa kinashuka. 15. 15. 24. 12. Halafu 40,000. Hiyo, akasema, ni ya binamu yake wa Udupi: mama mdogo amelazwa Bengaluru, na aliye karibu na hospitali ni yeye, kwa hiyo hela ya matibabu inapitia kwake. 30. 15. Halafu 5,000, na nyingine 5,000, na nyingine tena. Upatu wa mtaa. Kila mwezi wanachanga, mmoja anabeba, na mwaka huu mkusanyaji ni yeye kwa sababu ana kaunta na yupo siku zote. Halafu 2,000 ya mpangaji wa ghorofa ya juu, aliyetaka noti za kumlipa fundi: akamtumia UPI, naye akampa keshi kutoka kwenye droo.

"Haya yote nitayaeleza kwa nani, anna?" Aliniita hivyo kama anavyowaita wateja wote wa kiume, akajistukia, tukacheka kidogo.

Daftari hana. Daftari ni kichwa chake na cha mkewe, na wakibishana, la mkewe ndilo huwa sahihi.

Pale ndipo jambo hili liliponigusa mwilini. Laini yangu ya Tanzania imepokea michango ya harusi, rambirambi, hela ya mabati ya nyumba ya bibi, ada ya mtoto wa jirani aliyekuwa Muheza na shule ipo Tanga mjini. Mtu akija akazijumlisha zote akaniambia hicho ndicho kipato chako, kwanza nitacheka. Kisha nitaanza kuogopa, kwa sababu karatasi yake ina jumla na mimi nina hadithi.

Nyuma ya ile QR amekaa mpwa, shemeji, mkusanyaji wa upatu na benki ndogo ya jengo zima. Wote hao wana akaunti moja, na ofisi ya kodi iliposoma akaunti hiyo iliona duka.

Jirani yangu ana hoja

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika makala tamu. Ila chini ya nyumba ninayopanga kuna duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka hakunipa nafasi ya utamu.

Yeye amesajiliwa tangu GST ilipoanza. Kila mwezi anamlipa mhasibu. Akichelewa kupeleka ritani, faini. "Yule akiuza laki hamsini kwa mwaka mnamwonea huruma," aliniambia, akipanga koki kwenye rafu. "Mimi nikiuza hizohizo naitwa mfanyabiashara. Tofauti yetu nini? Mimi nina bango la taa?"

Akaendelea: kuna utaratibu mwepesi wa wadogo. Mwenye mauzo ya bidhaa yasiyozidi rupia milioni 15 kwa mwaka anaweza kulipa asilimia 1 tu ya mauzo, mgahawa asilimia 5, bila mlolongo wa ankara. Wajisajili, basi. Kuna ugumu gani?

Sikuwa na jibu. Na barabara yetu ina mashimo ambayo mvua ya Julai huyageuza mabwawa, na najua kabisa hayafukiwi kwa dua.

Nilichofanya ni kumuuliza kuhusu nyumba. Alikuwa ametoka kununua fleti, na alishawahi kunisimulia kama mambo ya kawaida kwamba kiasi fulani cha bei kiliandikwa kwenye mkataba na kiasi kingine kilipelekwa kwenye begi. Hapa kila mtu anajua sehemu nyeupe na sehemu nyeusi ya bei ya nyumba. Je, aliyepokea begi, alipata barua?

Akanyamaza kidogo. "Huyo haskani," akasema.

Huyo haskani.

Kwa hiyo nikabaki katikati, na ndipo nilipo mpaka leo. Sina shida na muuza chai kulipa kodi. Shida yangu ni kwamba wavu uliotupwa ni wa kunasa kinachoonekana, na katika mji huu anayeonekana zaidi ni yule aliyetii zaidi alipoambiwa abandike karatasi ukutani.

Kahawa bila maziwa

Tarehe 23 na 24 Julai wafanyabiashara wadogo waligoma kwa namna ambayo ni watu wa mji huu pekee wangeifikiria: waliacha kuuza maziwa. Bekari na vibanda vikatoa chai ya rangi na kahawa kavu. Bengaluru ni mji wa kahawa ya maziwa yenye povu, inayomiminwa kutoka juu, na marafiki wawili huagiza moja wakaigawana kwenye glasi mbili, wenyewe huita bai-tuu. Kumpa mtu wa hapa kahawa kavu ni kumtangazia vita. Tarehe 25 walipanga kufunga kabisa.

Wanasiasa wakafanya kazi yao. Pralhad Joshi, waziri wa serikali kuu anayetoka jimbo hilihili, akasema kosa ni la serikali ya Karnataka. Serikali ya Karnataka ikasema GST ni mambo ya Delhi. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli na hakuhitaji nusu nyingine. Hatimaye Waziri Kiongozi wa jimbo, Siddaramaiah, akakutana na wawakilishi wa wafanyabiashara: malimbikizo ya nyuma hayatadaiwa, wauza maziwa, mboga na matunda wasisumbuliwe, ila aliyevuka kiwango ajisajili. Mgomo ukasitishwa.

Waliokuwapo Kariakoo Mei 2023 wataijua hii sinema. Maduka yanafungwa, mkubwa anakuja, kinashikwa kipaza sauti, makofi. Na Juni 2024 yakafungwa tena.

Wiki hiyohiyo, Gavana wa Benki Kuu ya India, Sanjay Malhotra, alisema jambo ambalo kwenye kelele za barua wengi walilipita: mfumo wa malipo una gharama, na gharama hiyo lazima mtu ailipe. Hakutaja ni nani. Mwenye bekari yeye alishataja. "Mimi," alisema nilipomtafsiria habari hiyo, hata kabla sijamaliza.

Septemba 22 viwango vya GST vikapunguzwa kwa mbwembwe, bidhaa nyingi zikashuka bei, magazeti yakajaa matangazo ya shukrani. Katika mwaka ambao maziwa ya Nandini na nauli ya metro vyote vilipanda, kila nafuu inapokelewa. Lakini viwango havikuwa vimemnyima mtu usingizi. Orodha ya miamala ilikuwa.

Zilivyorudi

Karatasi za selotepu nyingi zimeshabanduliwa. Hakuna aliyetangaza. Vijana wa ofisi za kompyuta hawatembei na keshi, na muuzaji anayewakataa anawaona wakivuka barabara kwenda kwa jirani. Mwenye bekari alivumilia alivyoweza, kisha akaifunua QR yake.

Ila ukiskani asubuhi linatokea jina la mkewe. Jioni, la mwanawe anayesoma chuo. Dada wa mboga yeye ana kanuni yake: chini ya rupia mia ni keshi, juu ya hapo tutaongea. Muuza panipuri amerudi kwenye keshi moja kwa moja na zawadi yake ya rupia mia kaisamehe. Sidhani kama idara ilikuwa inataka haya. Imepata wafanyabiashara wanaojua kujificha kuliko walivyokuwa Juni.

Na keshi, ambayo kila kongamano linaizika, haijafa wala haiugui. Thamani ya noti zilizo mikononi mwa watu India leo ni zaidi ya maradufu ya ile ya 2016.

Simu kutoka Mbagala

Juzi mdogo wangu alinipigia. Anauza chipsi Mbagala, na kuna kijana wa kampuni ya simu kamfuata mara kadhaa achukue lipa namba. Tozo za 2021 hajazisahau, kwa hiyo anasitasita.

"Dada, wewe uko huko kwa walioendelea na haya mambo. Nichukue?"

Nikamwambia achukue, wateja wataitaka tu. Ila nikampa masharti, na nikajisikia kama afisa wa kodi nikiyatoa: laini ya biashara iwe ya biashara peke yake. Upatu, harusi, misiba, vibaki kwenye laini ya zamani. Anunue daftari. Aandike kila siku kabla ya kulala, hata kama amechoka.

Alikuwa kimya, nasikia mafuta yanachemka upande wa pili.

"Sawa, nimekuelewa," akasema. "Sasa ile laki tatu ya shangazi, ambayo nusu ni mtaji wangu, nusu ni dawa za mama, na humohumo nimtolee kaka nauli, niipokee kwenye laini ipi?"